Mikono ya Baada Si Yangu

Nyumbani,
3 Februari

Mwanangu kitinda mimba,

Pokea salamu nyingi za mama yako anayekuwaza kila akishika ndoo. Mimi sijambo, ila mgongo, nao tumeshazoeana. Baba yako hajambo, bado anagombana na baiskeli za watu pale mlangoni na kila jioni anaingia ndani na grisi mpaka masikioni. Shangazi yako hajambo, na mdomo wake ni mzima kuliko yeye. Kaka yako hajambo, wifi yako hajambo, mtoto wao ameota meno na mtu wa kwanza kumng'ata ni babu yake. Hata paka wako yupo, anakula tu, panya wanampita hivi. Wote wanakusalimu. Je, wewe hujambo? Unakula? Kile kifua hakijarudi?

Mzigo umefika salama. Vikopo viwili vya losheni, vizuri mpaka nikaona haya kuvishika. Nilifungua kimoja, nikachovya kidole, nikanusa. Kinanukia kama ua mvua ikishakatika. Nikakifunga haraka. Vyote nimevificha kwenye sanduku langu, chini ya lile gauni la harusi ya kaka yako, pamoja na vile vidonge vya kufukuza wadudu. Ukija likizo tutajipaka wote. Mafuta kama yale si ya mtu anayeshinda kwenye beseni anafua mashuka ya watu.

Picha aliyoitaka bosi wako ndiyo hiyo nimeituma. Nilikwenda kwa mpiga picha wa kona, nikamwambia nataka picha ya mikono. Akasema, "Mama, na uso je?" Nikamwambia uso hawautaki. Nami nilikuwa nimeshaunawa na wanja nimepaka! Basi nikanyoosha mikono juu ya meza yake kama mtu anayeuza samaki.

Sasa kuna jambo linaninyima raha. Umesema kampuni yenu haijaribu mafuta yake kwa wanyama, kwamba ni ukatili kumpaka sungura kitu usichokijua. Sawa, ni wema. Halafu ukasema wanaojaribiwa ni nyinyi wafanyakazi, kwa hiari yenu. Mwanangu, yaani sungura kapata wa kumtetea, wewe huna? Sungura mimi sikumzaa. Shangazi yako anasema uwaambie na wewe una masikio marefu. Mimi sicheki. Nataka jibu.

Ni mimi mama yako

*

Mjini,
19 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, kifua kimetulia. Msalimie baba, kaka, wifi na mng'ataji wao. Shangazi mwambie masikio yangu nayapima kila asubuhi, hayajarefuka.

Usiogope. Tunapaka kidogo tu hapa ndani ya mkono, tunasubiri, tukiwashwa tunasema na losheni ile haiuzwi. Nimewashwa mara moja tu, ya mlimao, nikasema, ikamwagwa. Ndiyo maana naipenda kazi hii. Ukutani dukani wameandika kwa herufi kubwa: HATUONGEZI KITU, HATUFICHI KITU.

Lakini Mama, sanduku! Losheni hii haina dawa ya kuizuia isioze. Ichukulie kama maziwa. Haikai na joto, haichovywi kidole, ndiyo maana nilikuwekea kile kijiko cha mbao. Ni ya kutumia sasa. Na si ya likizo yangu, ni ya mikono yako wewe unayefua. Itoe leo, uiweke penye ubaridi.

Picha imempendeza sana bosi. Anasema mikono yako inasema yenyewe. Bado niko kwenye majaribio ya kazi, lakini duka jipya likifunguliwa amesema atanipa mkataba wa kudumu. Niombee.

Mwanao

*

Nyumbani,
20 Machi

Mwanangu,

Salamu kutoka kwa sisi sote, wote wazima, baba yako, shangazi, kaka, wifi, mtoto. Barua yako ilichelewa, ilikwenda kwanza kwa yule jirani tunayemwita Mama Kelele, akaisoma, akaileta na ushauri.

Nilifungua sanduku. Kile kikopo nilichochovya kidole kimeota ukungu, kijani, kina manyoya kama kifaranga. Gauni la harusi linanuka vidonge na maziwa yaliyochacha. Nililia, shangazi yako akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe mwanamke, hata mafuta unayawekea akiba? Ungeyatia na chumvi yasioze!" Baba yako akasema ukungu ule angeupaka kwenye mnyororo wa baiskeli, huenda ungefaa.

Kile cha pili hakijaguswa, ni kizima. Nimekiweka nyuma ya mtungi wa maji, kwenye kivuli. Lakini mwanangu, bado sijakitumia. Nikikifungua naona mikono yangu, nakifunga tena. Nawaza, wewe umewashwa na ya mlimao ili mimi nipate hii, nami niipeleke kwenye sabuni na dawa ya madoa? Ngoja kwanza.

Ulisema umewashwa mara moja. Mara moja kweli?

Mama yako

*

Mjini,
11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe salamu zangu leo ni fupi.

Duka jipya limefunguliwa. Dirishani wameweka bango refu kuliko baba. Upande wa kushoto kuna mikono yako, imeandikwa KABLA. Upande wa kulia kuna mikono mingine, laini, kucha kama mbegu za boga, imeandikwa BAADA. Chini wameandika: Mikono ya mama yule yule.

Mama, nilisimama barabarani watu wananipiga vikumbo. Ile mikono ya kulia naijua. Ni ya yule binti anayekaa kaunta, ana kovu dogo la pasi karibu na kifundo. Walilifuta kovu lakini nimeijua, kila siku tunakula naye mchana.

Nikaenda kwa bosi. Nikamwambia, "Mama yangu hata hajaanza kujipaka." Akasema, "Akijipaka si itakuwa hivyo hivyo? Tulikuwa na haraka ya kufungua." Nikamwambia mikono ya mama yangu haiwezi kuwa ile. Akasema, "Nani atajua?" Nikasema, "Mimi." Akanitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye chai.

Jana akanipa karatasi. Imeandikwa kwamba wewe unakiri picha zote mbili ni za mikono yako. Ukitia saini, mkataba wangu wa kudumu uko mezani kwake, nimeuona. Usipotia, amesema majaribio yangu yataishia hapo. Nimeambiwa nikutumie, nakutumia, maana sitaki kukuficha. Nimeweka na picha ya lile bango. Lakini usitie saini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba losheni yenyewe ni nzuri. Haikuhitaji uongo.

Mwanao

*

Nyumbani,
24 Aprili

Mwanangu,

Sote wazima. Leo siwataji mmoja mmoja, nina haraka ya kukujibu.

Mimi nitatia saini. Mikono ni mikono tu, mwanangu. Acha waseme ile laini ni yangu, nitapungukiwa nini? Huku hakuna atakayekwenda kuliangalia dirisha lao. Kazi uliitafuta mpaka viatu vikaisha soli. Uliniandikia siku ulipoipata, barua yote ni "Mama nimepata, Mama nimepata," hata salamu ulisahau. Nami nije niivunje kwa sababu ya vidole vilivyopasuka? Hapana. Wewe nyamaza, fanya kazi, bosi msalimie vizuri.

Shangazi yako ameisoma ile karatasi akaniuliza, "Picha mbili, mikono minne. Umekuwa meza?" Nimemwambia anyamaze. Baba yako alitoka akaenda kuupiga nyundo mpira wa baiskeli ambao haukuwa na ubaya wowote.

Peni iko juu ya kabati. Nasubiri neno lako tu, uniambie niandike jina langu lote au la kwanza.

Mama yako

*

Mjini,
6 Mei

Mama,

Shikamoo.

Usiandike jina lako lote, wala la kwanza, wala nukta.

Nilipokuwa mdogo nikiugua homa, nilikuwa nakujua gizani kwa mikono. Nikisikia kiganja kinakwaruza paji la uso nasema huyu ni Mama, nalala. Leo mtu aniambie ile ilikuwa kosa, lililohitaji kurekebishwa na kikopo? Ukitia saini, siku hiyo hiyo naacha kazi mwenyewe. Kwa hiyo usijisumbue kuniokoa.

Na losheni ile ipake! Kwa ajili yako, si ya bango. Halafu uniambie ukweli. Ikiwa mbaya sema mbaya.

Mwanao

*

Nyumbani,
2 Juni

Mwanangu kitinda mimba,

Salamu. Mimi sijambo. Baba yako hajambo, amekununia kwa sababu umemgombeza mkewe, lakini barua yako ameisoma zaidi ya mara moja, anadhani sijamwona. Shangazi yako hajambo, anasema ukifika hapa atakuvuta hayo masikio kwa jinsi ulivyonijibu, halafu atakukumbatia. Kaka yako hajambo, wifi yako hajambo, mtoto anatambaa na amefungiwa njia ya kwenda kwenye grisi. Mama Kelele naye anakusalimu, bahasha hii nitaiziba kwa wali asije akaifungua.

Uliniudhi. Nilishinda siku nzima nafua kwa hasira mpaka nikachana foronya ya watu. Hivi ndivyo unavyoongea na mama yako? "Wala nukta"? Jioni nikakaa pale nyuma kwenye ngazi, nikachukua kikopo, nikachota kwa kijiko chako cha mbao, nikajipaka. Kwa hasira hiyo hiyo. Kesho yake tena. Nikawa kila nikishamaliza kuanika najipaka, na shangazi yako ananyoosha mkono naye anataka. Nikampa. Sasa tunakaa wawili pale ngazini tunang'aa kama sufuria.

Umetaka ukweli, ukweli ni huu. Ni losheni nzuri. Haiwashi, hainuki dawa, haigandi kwenye nguo nyeupe. Ule mpasuko wa kidole gumba, unajua jinsi ulivyokuwa ukinitoa machozi nikikamua limao, umeziba. Mingine imegoma. Ngozi ya kiganja imelainika kidogo ila bado inakwaruza, mtoto wa kaka yako nikimshika shavu anakunja uso. Haya basi, mikono yangu ndiyo hiyo, na baada yake ndiyo hiyo.

Kisha nikaichukua ile picha ya bango, nikaweka mkono wangu juu ya ile mikono laini. Mwanangu, niliutoa nikauweka tena, nikautoa nikauweka, mpaka shangazi yako akaniuliza kama nimefikwa na ugonjwa. Yule binti wa kaunta simlaumu, ana mikono mizuri, Mungu amtunzie, na kovu lake la pasi wangemwachia. Lakini mimi nimefua mashuka ya hospitali, ya nyumba za wageni, ya wafu na ya maharusi. Nimekufulia wewe sare zako zote mpaka ukamaliza shule. Halafu mtu ambaye hajawahi kuniona aseme mikono hii ni ya "kabla"? Kabla ya nini? Mimi ndiyo kwanza nasubiri kuanza? Hapo ndipo nilipokuelewa. Na aibu niliona kwamba peni ilikuwa tayari juu ya kabati.

Basi sikiliza nilichofanya. Karatasi yao hii hapa nairudisha. Palipoandikwa saini sikuandika neno. Nilichota losheni yao wenyewe, nikajipaka kiganja kizima mpaka kwenye vidole, nikaukandamiza mkono wangu wa kulia juu ya karatasi, shangazi yako akaushikilia kwa uzito wake wote, na uzito unaujua. Mkono umefunika maneno yao yote. Kwenye meza utaona doa la mafuta tu. Ukiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha utauona mkono mzima, kila mstari, kila ufa, na pale penye gumba palipoziba.

Mpelekee bosi wako. Mwambie mama yangu amesema hii ndiyo baada. Akitaka aibandike dirishani, nimempa ruhusa, bure. Na pembeni aandike losheni imeziba mpasuko mmoja, mingine imegoma. Kama ukuta wake unasema hafichi kitu, si atafurahi? Asipotaka, aondoe na ile ya kushoto, maana hiyo nayo ni yangu na sikumpa aitukane.

Nisikudanganye, naogopa. Nikimwona mtu wa barua kwa mbali najifanya natafuta vibanio vya nguo. Lakini ninavyoogopa hivyo hivyo, karatasi inakuja. Hata baba yako, ambaye jambo hili alikuwa akilijibu kwa nyundo tu, amesema, "Tuma." Ataipeleka mwenyewe kwa baiskeli ya mteja.

Wakikufukuza, rudi. Usijifiche kwa rafiki, usizunguke mjini ukitafuta la kutuambia. Panda gari uje. Beseni la pili lipo, kamba ya kuanikia ni ndefu, na hapa hakuna atakayekuuliza mbona umerudi. Wasipokufukuza, kaa, na ukae umenyooka.

Kikopo kimebaki nusu. Nimekutengea yako, safari hii si kwenye sanduku, ipo nyuma ya mtungi, na shangazi yako nimemkataza kwa kiapo. Lakini haikai, ulisema mwenyewe. Kwa hiyo nijibu upesi, mwanangu, au uje upesi, kabla haijaharibika.

Ni mimi mama yako, mwenye mikono hii