Kikombe Chako Kimefunikwa Palepale

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya seremala.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako ambaye miguu inamsumbua lakini mdomo ungali mzima. Habari za huko? Habari za kazi, na za hiyo baridi uliyoilalamikia? Natumaini unakula vizuri, hushindii chai kama ulivyozoea. Sisi huku hatujambo. Mama naye ana habari yake ndefu, na ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike, maana kwenye simu una haraka kama mtu aliyeacha maziwa motoni.

Unalikumbuka lile kabati la jikoni, la kijani, lililokuwa likilia ukilifungua? Mchwa wamelimaliza. Siku moja nilivuta mlango nikabaki nao mkononi, bawaba na vyote. Seremala akaja, akaligongagonga, akatikisa kichwa kama daktari. Nilishikwa na uchungu ambao hata sikuutarajia. Ni mbao tu, lakini utoto wetu wote ulikuwa humo.

Maana mimi na wewe tulikulia mbele ya kabati lile. Mimi naosha, wewe unafuta huku umesimama juu ya kigoda, na Mama anapanga mwenyewe, hamwamini mtu. Sahani nzito chini, na kipande cha gazeti kati ya moja na nyingine zisikwaruzane. Bilauri rafu ya katikati, zote zimefunikwa, mdomo chini, juu ya kile kitambaa alichokifuma kwa mkono wake. Juu kabisa zile za mstari wa dhahabu, za mgeni, mgeni ambaye hadi leo hatujamwona. Siku marehemu Baba alipopandishwa cheo aliomba anywee mojawapo, akaambiwa asubiri apandishwe tena. Nikikumbuka nacheka peke yangu.

Kabati jipya ni zuri, siwezi kusema uongo. Limetundikwa ukutani, na milango yake haipigi kelele. Aliyelipanga ni mpwa wako, binti yangu, ambaye sasa anafanya kazi kwenye jiko la hoteli na amerudi na elimu ya kila kitu. Alinieleza kwa mapana na marefu kwamba bilauri husimamishwa mdomo juu, kwa sababu ukingo ndio sehemu yake dhaifu, na ukiifunika inashika harufu ya kabati. Nikamwambia bibi yake hatakubali. Lakini Mama alikaa kimya, na mimi nikadhani ameridhika.

Sasa nikwambie jambo ambalo Mama alinikataza nisikwambie. Macho yake yamekwisha. Ile presha ya macho tuliyokuwa tukiitibu imeyamaliza. La kushoto limezimika kabisa, la kulia linaona mwanga wa dirisha tu. Ukipiga simu anakwambia siku hizi haoni vizuri, kisha anakuuliza kama umekula. Unamjua. Hataki uache kazi uje kumlilia.

Hata hivyo alikuwa akijimudu. Chai anajichemshia, maji anajimiminia, na ole wako umshike mkono. Ila tangu kabati jipya lije niliona hatii mguu jikoni. Anashinda kwenye kiti chake cha sebuleni. Ukimpa maji anakunywa, usipompa haombi. Mchana mimi niko kwenye cherehani yangu sokoni, binti yuko hotelini. Siku moja nikarudi nikamkuta midomo imekauka, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nikamkimbiza zahanati. Muuguzi akasema mwili umeishiwa maji, na kwamba mtu wa umri ule akiachwa hivyo tena tutampoteza. Niliogopa, Kijiko. Wakati wa kurudi nililia njia nzima, na yeye amenishika bega kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Tulipofika nyumbani nikamuuliza waziwazi kwa nini hajimiminii maji. Akasema, "Nikinyoosha mkono, vidole vinaingia ndani ya bilauri, inaanguka. Nimeshavunja mbili. Sitaki kuwamalizia vyombo vyenu." Vipande alikuwa amevifunga kwenye kitambaa na kuvificha chini ya kitanda, kama mtoto anayeogopa kupigwa.

Miaka yote ile tulidhani anafunika kwa sababu ya vumbi na mijusi, na kweli alianza hivyo. Lakini macho yalipokuwa yakififia, mkono wake ulizoea kukutana na kitako cha bilauri kwanza. Kitako laini, hiyo ni ya kila siku. Chenye nyota, hiyo ilikuwa ya Baba. Chenye pengo, hiyo usimpe mtu. Ukizisimamisha mdomo juu, kwake zote ni mashimo tu.

Binti yangu alilia kuliko mimi. Jioni ileile tukashusha kila kitu, tukapanga upya kama zamani, kitambaa kikarudi chini ya bilauri, Mama amesimama nyuma yetu kama nyapara. Binti aling'ang'ania jambo moja tu, kwamba bilauri zikauke kabisa kabla ya kufunikwa. Mama akakubali shingo upande, akasema angalau hoteli imemfundisha kitu kimoja cha maana.

Tulipomaliza akapitisha mkono kwenye rafu, polepole, kitako baada ya kitako. Alipofika mwisho akasimama. "Cha Kijiko kiko wapi?"

Kikombe chako cha bati, mdogo wangu, kile kilichobanduka rangi. Kilikuwa kwenye boksi la vitu vya kutupwa, pamoja na mifuniko isiyo na sufuria. Nikakitoa. Mama akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ule mbonyeo wa kitakoni, uliotokana na kukipigia ngoma mezani hadi Baba akutoe nje. Kisha akakifunika mwenyewe, pembeni kabisa, karibu na ukuta. Akasema, "Asikiguse mtu. Atakifunua mwenyewe akija."

Siku hizi anajimiminia maji tena. Nikiwa chumbani namsikia akipapasa, kisha maji yanamiminika, na moyo wangu unatulia. Binti anapofuta rafu, kikombe chako anakizunguka.

Sikuandikii ili nikulaumu. Kazi yako ndiyo imetulipia dawa, tunajua sote. Lakini Mama haombi. Maji hakuomba, na wewe pia hatakuomba. Basi naomba mimi. Njoo angali anaijua sura yako kwa vidole.

Mpwa wako anakusalimu na anaomba radhi kwa habari ya boksi. Shangazi anauliza kama umeshapata wa kukupikia. Seremala naye anakusalimu, anasema kile kigoda chako tulichompa bado anakikalia. Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akufungulie njia, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Dada yako akupendaye,
aliyekuwa akiosha, wewe ukifuta.