Picha Inayokatika Saa ya Habari

Shinyanga, 14 Agosti 1999

Kaka Eliya,

Shikamoo. Sisi wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Televisheni uliyotuletea kutoka machimboni ilianza kusumbua mwezi Juni. Picha inakatika vipande vipande, inapotea, halafu baada ya nusu saa inarudi. Fundi Thobias alipanda juu ya bati mara mbili, akashuka akisema, "Dishi zima kabisa. Labda kunguru wenu hawapendi siasa." Alisema hivyo kwa sababu hukatika wakati wa taarifa ya habari tu. Mimi nilichukua daftari la fizikia, nikawa nakaa nje saa hiyo kuandika upepo, mawingu na mashine ya kusaga ya jirani. Siku kumi na moja, hakuna kilicholingana.

Jana nilirudi ndani kuchukua kalamu. Mama alikuwa amepitisha mkono nyuma ya televisheni, analegeza waya wa dishi.

"Usimwambie Thobias," alisema. "Wakionyesha shimo lililofukia watu, nitamtafuta mwanangu kwenye hizo maiti."

Hujaandika tangu Mei, kaka, na redio ya jirani imeshataja mashimo mawili yaliyoporomoka huko Geita.

Leo habari zilipoanza, nilitangulia mimi kuulegeza ule waya. Mama alinitazama, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Tuandikie, hata mstari mmoja, ili niukaze ule waya.

Mdogo wako,
Generosa