Babu Anang'ata

Kalgari, Kanada

Mke wangu mpendwa, Mama Aber,

Nakusalimu kutoka kwenye kiti cha dirishani, nimevaa soksi mbili mbili na sweta ya mkwe wetu inayonibana tumbo. Goti lako limetulia, au bado unapanda ngazi za Bukoto na mfuko wa matooke kichwani kana kwamba una miaka ishirini? Maji yanatoka? Mama mkwe kifua chake kinaendeleaje? Sisi huku ni wazima. Aber amenenepa kidogo, mumewe anarudi kazini na barafu kwenye nyusi, na mimi ngozi yangu imekuwa kama ya kenge, ila nakula na usingizi ninapata.

Naandika barua, na simu ipo, kwa sababu kwenye simu unawekwa kwenye spika na nyumba nzima inasikiliza. Kuna jambo nilitaka likufikie wewe peke yako. Jumapili ile ya kwanza uliniuliza, "Mjukuu amekuzoea?" Nikakujibu, "Sana, haniachi." Nilikudanganya, Mama Aber. Wakati nasema hayo Lamaro alikuwa amejificha nyuma ya kochi, na hiyo ilikuwa kawaida yake kila nilipoingia sebuleni.

Ilikuwa hivi. Siku niliyofika nilivua viatu mlangoni kama nilivyoambiwa, nikavuka sebule kwa soksi juu ya zulia nene, ndani ya ile trakisuti ya nailoni unayosema inanifanya nionekane kocha wa timu iliyoshuka daraja. Kifuani nimekumbatia lile blanketi la manyoya lenye picha ya simba tulilomnunulia mtoto pale Kalerwe. Lilikuwa linalialia kama mahindi yanayoanza kukaangika, nami sikulijali. Lamaro alikuwa amesimama na gauni jipya, amefundishwa kusema, "Karibu, Babu." Akasema vizuri kabisa. Nikainama nimguse pua. Pa. Cheche ikaruka, nikaiona kwa macho yangu.

Mtoto alilia mpaka akakosa pumzi. Alipoipata, akamwambia mama yake, "Babu anang'ata."

Hebu fikiria. Miaka ishirini na sita nafunga nyaya kwenye nyumba za polisi, umeme haujanirusha hata mara moja (ile ya kwenye nguzo usiihesabu, mvua ilikuwa inanyesha). Halafu naomba likizo, napanda ndege tatu, nakuja kumchoma mjukuu wangu puani.

Baada ya hapo kila kitu kikawa kinanichapa. Kitasa cha mlango, bomba la jikoni, mlango wa gari. Nilimsalimu mzee jirani kwa salamu yetu, ile ya kushika mkono mpaka habari za nyumbani ziishe. Aliuvuta mkono wake kama ameshika sufuria ya moto, na tangu siku hiyo ananipungia kutoka ng'ambo ya barabara. Nikajiambia, hapa kuna waya unavuja. Siku ya nne, wakubwa wakiwa kazini na Lamaro yuko chekechea, nikatoa testa yangu. Ndiyo, niliibeba, wewe cheka tu. Nikapima soketi moja baada ya nyingine, sikuona kitu. Nikazima meni swichi ili nikague kwa utulivu. Kumbe ndiyo inayoendesha na mashine ya joto. Aber aliporudi alinikuta nimejifunga lile blanketi la simba mpaka masikioni, tochi nimeing'ata kwa meno.

"Baba, umezima nyumba?"

"Kuna waya unavuja, mwanangu. Nyumba nzima inarusha."

Akawasha kwanza, ndipo akakaa chini kucheka. Alicheka akajishika ubavu, akacheka kama wewe. "Nyumba haina shida, Baba. Ni wewe."

Akanieleza kwamba hewa ya hapa ni kavu mno, na mtu akitembea kwenye zulia na nailoni yake anajijaza umeme mpaka apate pa kuumwaga. Kwetu unyevu unauondoa polepole bila mtu kujua. Nikamjibu kwamba nalijua hilo. Kweli nililisoma chuoni, nikalisahau siku ile ile ya mtihani.

Basi trakisuti ikafungiwa kwenye sanduku, blanketi likapelekwa stoo, na chumbani kwangu tukaanika nguo mbichi ili hewa ipate maji. Zinakauka kabla ya asubuhi. Midomo ilipasuka, pua ikatoa damu, visigino vikawa vinakwaruza shuka. Hapo ndipo nilipotafuta kile kichupa cha moo yaa, yale mafuta ya shea, ambacho mama yako alikitia kwenye mzigo, nami nikakificha chini kabisa nikisema kinanuka. Mwambie nimeungama. Mkwe wetu naye anayapaka, na kichupa kimebaki nusu.

Lakini mtoto hakuyajua hayo yote. Nikiingia sebuleni, yeye anaingia nyuma ya kochi. Na mimi, nakuambia ukweli, nilianza kuogopa kumgusa. Siku zinakwisha, nikawa najiona nikirudi kwako na picha za mtoto kwenye simu, zilizopigwa kutoka mbali.

Nilikuwa nimejifunza kutembea na kijiko cha chuma mfukoni. Unakishika vizuri, unagusa nacho bomba kwanza, umeme unapita hapo na kidole hakiumi. Kila asubuhi naingia jikoni, nagusa bomba, ti, ndipo nabandika chai. Kumbe kuna mtu alikuwa ananiangalia kutoka chini ya meza.

Jumanne iliyopita nimetoa kijiko changu, nikasikia kitu kinavuta suruali. Lamaro. Ameshika kijiko chake cha uji, amekinyoosha mbele kama askari na upanga. Nikachuchumaa taratibu, nikaleta changu mpaka kikagusa chake. Ti.

Akakiangalia kijiko. Akaniangalia mimi.

"Babu hajang'ata," akasema.

"Hajang'ata."

"Tena."

Tulifanya mpaka chai ikapoa. Kisha akaweka kijiko chini, akanigusa goti kwa kidole kimoja, akakimbia. Jioni akarudi na vidole viwili. Sasa hakuna anayemsalimu mwenzake humu ndani bila kijiko, hata mkwe wetu akitoka kazini anadaiwa chake mlangoni.

Kwa hiyo swali lako la siku ile nalijibu leo upya: amenizoea. Ukiona mwandiko umepinda, usiseme nimezeeka. Amelala kwenye mkono wangu wa kushoto tangu nianze kuandika, na karatasi haina wa kuishika.

Nisalimie mama mkwe na kifua chake, kaka yako wa Mulago, na jirani yetu wa chapati pale chini, mwambie asimpe mtu mwingine benchi langu. Mafundi wenzangu wasalimie pia, ila habari ya meni swichi ibaki kati yetu.

Uje Entebbe kunipokea. Nikikunyooshea kijiko kabla ya mkono, usinikimbie, toa na chako.

Mumeo,
Baba Aber