Jiliwa la Marehemu Nililolipaka Rangi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kwanza naomba usinicheke, maana binti yangu nilipomweleza kwa simu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi ni mzee wa miaka sitini na sita, nilikuwa fundi katika karakana ya pampu za maji, nimestaafu, mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo kazi yangu ni kununua majiliwa ya zamani, yale madude ya chuma yanayofungwa kwenye meza ya fundi ili yabane kitu anapokipiga tupa, vijana siku hizi wanayaita vaisi. Nayatoa kwa wauza vyuma chakavu yakiwa yamekaza kwa kutu, skrubu haizunguki hata uisukume kwa bega, nayaloweka kwenye mafuta ya taa siku nne, naongea nayo kidogo, sikufichi, halafu nayafungua, nayasugua, nayapaka rangi ya buluu, na jiliwa likizunguka kwa kidole kimoja naona siku hiyo sikuishi bure. Ninayo ishirini na tatu. Mengine yako jikoni, matatu yako chumbani upande aliokuwa analala mke wangu. Siuzi hata moja.

Sasa yupo jirani yangu, mama mshonaji, mjane kama mimi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwaka jana aliniletea mkasi nimnolee, akakaa juu ya ndoo ya rangi akinitazama, wiki iliyofuata akaja tena na mkasi uleule, nikaona kabisa kwamba haujaisha makali lakini nikaunoa, na baada ya hapo akawa anakuja kila Alhamisi mchana bila mkasi wowote. Nikamtengenezea kigoda. Hatukuwa na maneno mengi, yeye akipinda nguo zake na mimi na tupa yangu, atasema leo joto, nitasema kweli joto, basi, na jioni nikifunga mlango nilikuwa sijioni kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Miezi miwili iliyopita akaja na toroli la kuazima, ndani yake jiliwa la marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa kufuli na funguo. Akaniambia, "Baba, limekwama tu. Naomba lizunguke." Mshauri, ndivyo alivyosema, nayakumbuka vizuri sasa maneno hayo, lakini siku ile mimi nilitaka kumfurahisha. Mpini ulikuwa umepinda, nikauchomoa nikachonga mpya. Ulikuwa umezungushiwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, mpira wenyewe umebonyea alama za vidole, nikauchana nikautia motoni. Meno yalikuwa yamelika upande mmoja, kwa sababu marehemu alizoea kubania funguo pembeni, nikaweka mengine. Kule nyuma panapopigiwa nyundo palikuwa na vishimo vya miaka thelathini, nikapasaga mpaka pakawa laini kama sahani. Halafu buluu, mara mbili. Na nikamwambia asije kwanza mpaka nimwite, nataka aone kazi ikiwa imekamilika.

Alipokuja nikaondoa kitambaa. Akaweka mkono kwenye mpini, akaupapasa mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Hakulia. Akauliza, "Mkono wake uko wapi?" Nikaanza kumweleza habari za meno mapya, unajua sisi mafundi, mtu akikuuliza la moyoni unamjibu kwa vipimo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wewe, cha mkeo umebakisha nini?" Nikashika tupa nikaanza kuifuta, kwa sababu mke wangu alipofariki, wiki ileile niligawa nguo zake zote na vyombo vyake, nikapaka chumba rangi upya, hata pale ukutani alipokuwa akiegemeza kichwa jioni, palikuwa pamefanya weusi, nikapasugua kwa msasa. Mama mshonaji akaondoka, jiliwa akaliacha mezani. Alhamisi nne zimepita. Kigoda chake nimekiwekea jiliwa jingine juu ili kisikae kitupu.

Swali langu ni hili. Mimi kila kazi huipiga picha kabla ya kuigusa, kwa hiyo ninazo picha za kila shimo na kila mkwaruzo. Naweza kuyarudisha yote. Nyundo ninayo, chumvi na siki ya kuleta kutu ninayo, mpira wa baiskeli unapatikana popote, na nakuhakikishia hata fundi mwenzangu hatajua. Je, nilirudishie makovu yake nimpelekee, au nimtafutie jingine lililochakaa vizuri? Mpini wa zamani na yale meno viko kwenye kopo, maana chuma mimi situpi, lakini sidhani kama vina kazi tena. Nisaidie, nyumba imekuwa kimya sana.

Mzee wa Majiliwa

*

Mzee wa Majiliwa,

Sikucheka. Pale kwenye mkasi nilicheka kidogo, na nadhani hata wewe unajua kwa nini.

Pole, baba. Nimeanza na pole kwa sababu inaonekana ni muda mrefu hujapewa. Sasa acha nikuseme, maana umekuja mwenyewe. Huyo mama alikuomba kitu kimoja, lizunguke. Mafuta ya taa siku nne, grisi kidogo, mngekuwa mmemaliza na Alhamisi inayofuata angekuwa kwenye kigoda chake akikwambia leo joto. Wewe ukamfukuza kwa wiki kadhaa ili umwonyeshe ufundi. Nani alikwambia alikuwa anakuja kutazama rangi?

Hilo la nyundo na siki litoe kichwani leo hii. Unataka kughushi mkono wa marehemu, kisha umpelekee mjane wake aushike? Ulilofanya mwanzo lilikuwa kosa la mtu mwema asiyesikiliza, na hilo watu husamehe. La pili litakuwa uongo, na atalijua mara tu akiligusa, kwa sababu vidole vyake havikusoma kwenye picha zako. Jingine lililochakaa pia usimtafutie. Hakufiwa na jiliwa.

Kinachonikera zaidi ni hili. Umenieleza yote, umefika mwisho wa barua, ndipo unasema kama kitu cha kupita kwamba mpini wake uko kwenye kopo. Mzee wangu, hapo ndipo ulipaswa kuanza! Mama wa watu anakuuliza mkono wa mumewe uko wapi, mkono uko kwenye kopo hatua tatu kutoka aliposimama, na wewe unamweleza habari za meno mapya.

Fanya hivi. Chomoa mpini wako mpya, rudisha uliopinda. Rudisha na meno yaliyolika, na usiyaguse kwa msasa wala kwa brashi, mikono yako ninaijua sasa. Rangi iache, mwulize yeye anataka nini. Vile vishimo ulivyosaga havirudi, na mpira ulichoma. Mwambie hivyo hivyo, "niliuchoma," bila kuongeza kwa sababu. Na usingoje Alhamisi, Alhamisi ilikuwa siku yake ya kuja kwako. Hii ni zamu yako kwenda. Azima toroli, ni nyumba tatu tu.

Kabla ya kutoka, ondoa kile chuma juu ya kigoda. Na yale matatu ya chumbani yahamishie jikoni kwa wenzao, upande wa mkeo uwe wazi. Utaumia ukiutazama. Miaka minne umekuwa ukipaka rangi kila kinachouma, na ndiyo maana nyumba yako inang'aa na huna pa kukaa.

Akikuuliza tena cha mkeo umebakisha nini, usitafute vipimo. Mwambie hukubakisha kitu. Kisha kaa chini umweleze pale ukutani palivyokuwa kabla hujapasugua, palikuwa pana kiasi gani, na mkeo alikuwa akisema nini jioni akiegemea hapo.