Dayodi za Bwana Taher

Jumatatu, 14 Julai

Kazi tatu mezani. Redio ya jirani ilikuwa waya tu. Feni haina maisha, nimemwambia mwenyewe aizike. Maikrowevu ya Mwalimu Grace wa Tudor inawaka, sahani inazunguka, chakula hakipati moto. Nimeichomoa, nikaimaliza kapasita umeme inaouhifadhi, kisha nikaitoa dayodi. Dayodi ni mlango wa upande mmoja: umeme uende, usirudi. Nikapima kwa mita ya umeme. Haikupitisha kitu. Nikageuza nyaya. Hola. Basi imekufa, kazi rahisi. Nikafunga karakana mapema, nikaenda kula mahamri.

Jumanne, 15 Julai

Nimekasirika.

Nilikwenda kwa Bwana Taher, duka lake la vipuri nyuma ya Biashara Street, kununua dayodi mpya. Tunajuana tangu nilipoanza ufundi, watu wakicheka mwanamke kushika chuma cha kulehemu nyaya. Yeye hakucheka. Leo mita ilikuwa mkobani, nikapima palepale kaunta. Mbovu. Ya pili, mbovu. Ya tatu, ya nne, vilevile. Dukani watu sita. Nikasema kwa sauti, "Bwana Taher, siku hizi wauza maiti?" Nikaongeza neno "bandia". Nikaongeza na mengine, siyaandiki.

Akaliweka sanduku la dayodi chini polepole. "Dada, kama n'na kosa, ungen'ita kando."

Nikatoka. Sijuti. Mita haina urafiki na mtu.

Jumatano, 16 Julai

Maneno yamefika Tudor kabla ya mimi kumaliza chai. Fundi Kombo amemrudishia Bwana Taher vipuri vyote alivyonunua wiki iliyopita, na si dayodi tu. Wengine wawili wamefuata. Kombo alinipigia simu kunishukuru, eti nimewafumbua macho. Nilijiona mtu kweli mpaka adhuhuri.

Alasiri nilipita mbele ya duka. Hamna mteja. Nikatoa salamu, akaitikia yote mpaka mwisho kama ilivyo ada yake, ila macho yalikuwa kwenye kitambaa alichokuwa akifutia kaunta. Kaunta ilikuwa safi.

Sikupenda.

Alhamisi, 17 Julai

Nina maikrowevu kuukuu uani, ya kwangu mwenyewe. Ilikuwa ikipika vizuri mpaka mlango wake ulipovunjika. Nikatoa dayodi yake nimfungie Mwalimu Grace. Nikaipima.

Mbovu. Pande zote mbili.

Nikakaa kwenye kibao. Iliyokuwa ikipika ni mbovu? Na mpya nne ni mbovu? Na ya Mwalimu? Zife zote kwangu, mikononi mwangu? Hapana. Mwenye kasoro hapa ni mmoja.

Mita yangu inasukuma volti zisizofika tatu. Kwa dayodi ya redio zatosha na kubaki. Hii ya maikrowevu ni ya umeme mkubwa, ndani yake zimepangwa dayodi ndogo nyingi mkia kwa kichwa, na volti tatu haziifungui hata zikibisha hodi mwaka mzima. Nimepima redio na televisheni maisha yangu yote, nikadhani nimemaliza elimu. Nikatafuta betri ya volti tisa, nikaiunga pamoja na dayodi, mita nikaiweka kwenye volti. Upande mmoja, nne na ushei. Nikageuza, sifuri. Nzima. Ya Mwalimu nayo nzima. Kilichokatika ni fyuzi ya ndani ya maikrowevu yake, ile ya upande wa umeme mkubwa, sikuigusa wala kuitazama.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa ulimi mbele za watu sita, na Tudor nzima imeanguka nami.

Nilishika simu nimpigie. Nikaiweka. Kutaka radhi kwa simu ni kujificha.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nilisubiri watoke msikitini, duka lifunguliwe, wateja waingie. Kombo nilimwita mimi mwenyewe. Niliposhika njia nilitaka kurudi. Nikaweka juu ya kaunta betri, mita na dayodi. Nikawaonyesha jinsi nilivyopima Jumanne, kisha jinsi inavyopimwa. Nikasema kosa ni langu, bidhaa ni nzima, na kwamba nimemvunjia heshima mtu asiyestahili. Katikati nilichanganya maneno. Nikaanza upya.

Kombo alitazama viatu vyake.

Bwana Taher akasema, "Yamekwisha, dada. Keti." Akaagiza kahawa. Tukanywa. Sikuisikia ladha yake.

Jumatatu, 21 Julai

Maikrowevu imepona, Mwalimu Grace ameichukua. Kombo amenunua tena kwa Bwana Taher, nimesikia.

Nami nimekwenda kununua fyuzi za akiba. Tulisalimiana vizuri. Aliniulizia mama, nikamuulizia wajukuu. Miaka yote hii, nikitaja kitu alikuwa akikifunga kwenye gazeti na kunipa bila kukipima, basi. Leo alitoa mita yake chini ya kaunta, akapima fyuzi ya kwanza, akanigeuzia kioo nisome. Hakununa wala hakutabasamu. Alingoja.

Nikasema, "Nzima."

Akaiweka kando, akachukua ya pili.