Mama Sifa Kwenye Ukuta wa Picha

Mama mpendwa,

Habari za Butembo? Goti lako limepoa, au bado linakutesa ukipanda shambani? Mimi ni mzima, ila furaha hainipi hata nafasi ya kutulia kitini, basi nivumilie. Barabara ya Kiwanja imefungwa tena kwa sababu ya vita, kwa hiyo barua hii inakuja kwa kuzunguka, na dereva wa lori.

Yule mchoraji ninayemfanyia kazi hapa Goma alinituma nipige picha za wageni siku ya kufungua maonyesho ya michoro yake. Unawajua watu wetu: wakiona kamera wanasimama wima, midomo imefungwa, utadhani wako msibani. Nikachoka nao. Nikajibanza nyuma ya mlango, nikawapiga bila wao kujua. Ungecheka, Mama! Wakubwa wote wameipa michoro mgongo, macho kwenye sahani. Mmoja, na koti lake jeupe, ameegemea mchoro ambao rangi haijakauka. Mchoraji alipoziona akapiga makofi, akanipa ukuta mzima kwenye maonyesho yaliyofuata, Jumamosi hii iliyopita. Niliogopa, maana kwetu mtu hapigwi picha akila.

Na kweli, Mama Sifa, muuza vitenge maarufu hapa mjini, akajiona pale ukutani anacheka, sambusa nzima mdomoni.

"Nani alikupatia ruhusa ya kunipiga foto nikikula? Toa! Toa yote!"

Wageni wengine wakamuunga mkono. Nikaona kazi yangu imekufa kabla haijazaliwa. Nikapanda kiti, nikaitoa picha yake kwanza, nikamkabidhi. Akaisogeza karibu na macho.

"Ngoja," akasema. "Mama yangu njo alikuwa anacheka hivi."

Volkeno ilipoiunguza nyumba yake, picha zote za marehemu mama yake ziliteketea. Akawaita watoto wake waje kumwona bibi yao: "Mukuye muone koko yenu!" Kisha akaniamuru niirudishe ukutani, na asiguse mtu. Picha zangu zote zikabaki, Mama! Nilicheza palepale, sikuona haya.

Nisalimie Papa, dada yangu mkubwa na wanawe, na shangazi muuza maharage.

Nimepekua sanduku langu. Picha zako ninazo, lakini hakuna hata moja unayocheka. Njia ikifunguka nakuja. Ukinisikia mlangoni, usikimbilie kubadili nguo.

Mwanao akupendaye,
Masika