Mbuzi Tuliyemsindikiza Bugene

Mpendwa mdogo wangu,

Tangu tukuzike nyuma ya migomba ya baba hapa Nyabiyonza, kila anayekuja kunipa pole huniambia ulikuwa na roho nzuri. Naitikia. Siwaambii kwamba nakuonea wivu mpaka leo, wewe uliye kaburini.

Unakumbuka ulipokuja kukaa kwetu, binti yangu Kemilembe akiwa bado hajaanza shule? Mimi nilishinda kwenye shamba la kahawa, wewe ukabaki naye. Ulimfundisha kuweka mkono ubavuni mwa ng'ombe na kusikiliza anavyopumua. Ulimkataza kubeba kuku kichwa chini. "Ningekubeba wewe hivyo, ungeimba?" ulimuuliza, akacheka hadi akakaa chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, jembe begani. Hakuna aliyegeuka kunitazama.

Nilimzaa mimi, kwa taabu unayoijua. Lakini kila neno jema likimtoka mdomoni, huanza na "Mama mdogo alisema."

Juzi niliamua kumuuza mbuzi wetu mweupe ili mtoto apate sare ya shule. Kijana wa bodaboda akaja kumchukua ampeleke soko la Bugene, akamfunga miguu yote minne na kumbwaga nyuma ya kiti kama mkungu wa ndizi. Kemilembe akaenda kusimama mbele ya pikipiki.

"Shikamoo kaka. Mfungue, bojo, tafadhali. Anaumia."

"Marahaba. Mtoto wa nani huyu?" kijana akauliza, akicheka.

"Wa Mama mdogo," akajibu binti yangu. Na mimi nimesimama palepale!

Mkono uliniwasha kumchapa. Nikamgeukia mbuzi, nikamfungua kamba kwa hasira, nikasema tutampeleka wenyewe kwa miguu. Njia nzima hadi Bugene Kemilembe alikuwa akiniamuru: tupumzike kivulini, tumpe maji kwanza, Mama usimvute shingo. Ilikuwa sauti yako kabisa. Nilitii, nimenuna.

Sokoni mnunuzi akapokea kamba, akaondoka na mbuzi wake. Mtoto akamfuata kwa macho. Tulipoacha maduka nyuma ndipo akaanza kulia, kilio cha kutetemeka mabega.

"Mama mdogo hakuniambia kwamba ukimpenda, akiondoka inauma hivi."

Akajitupa kifuani kwangu. Tukakaa kwenye nyasi kando ya barabara, pikipiki zikitupita na vumbi lake, nikamshika mpaka kwikwi zikatulia. Nikamfuta machozi kwa upindo wa kanga yangu.

Huruma uliyompa ni nzuri, mdogo wangu, na ninaiona ikikua. Natamani ingekuwa imetoka kwangu. Nakulilia kila Jumapili kanisani, na simdanganyi mtu. Lakini pale kwenye nyasi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hukuwapo.

Pumzika. Mtoto nimemshika,

Dada yako mkubwa